Pipa Liko Uskoti, Pesa Zimetoka Mombasa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja: madalali wanaopiga simu na kutuma jumbe za WhatsApp wakiuza mapipa ya wiski ya Uskoti, ile ya kimea cha shayiri inayotoka kiwanda kimoja tu. Wanayaita adimu, na wanasema yanapanda thamani huku yamelala. Anayetaka kununua anunue, lakini ajue anachonunua.

Nimeletewa hati yenye muhuri wa dhahabu na jina langu, inayosema namiliki hogshedi moja, yaani pipa la lita 250 hivi, iliyojazwa mwaka 2018. Bei ni pauni 6,000 na nimeshalipa nusu. Je, pipa ni langu? – Mstaafu, Nyali

Bado, mzee wetu. Hati hiyo imechapishwa na muuzaji, na muuzaji anaweza kuchapisha kumi kwa pipa lile lile. Wengi wametapeliwa Uingereza kwa mtindo huo: pipa moja, wanunuzi kadhaa, kila mmoja na hati yake safi ukutani. Wiski inayokomaa hukaa kwenye ghala la forodha, na mwenye ghala ndiye anayeshika daftari. Jina lililo humo ndilo linalohesabika. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari si lako wala la dalali.

Karatasi inayohamisha jina inaitwa dilivari oda. Watu wa Kilindini wanaijua ya kontena. Hii ni ndugu yake. Ni agizo lililotiwa saini na mmiliki aliyeko daftarini, likimwambia mwenye ghala atoe pipa nambari fulani kwenye akaunti yake aliweke kwenye akaunti ya mnunuzi. Ikitiwa saini halafu ikabaki kwenye droo ya muuzaji, haina kazi. Ni lazima ifike ghalani, na ghala likuandikie wewe mwenyewe kwamba limeshahamisha.

Kwa hiyo nusu iliyobaki isitoke sasa. Mtake muuzaji akupe kwa maandishi jina la kiwanda, nambari ya pipa, tarehe ya kujazwa, aina ya pipa na limeshatumika mara ngapi, lita za alkoholi za mwanzo, vipimo vya mwisho na tarehe yake, na jina la ghala. Nambari ya pipa ndiyo roho ya yote: chini ya sheria ya Uingereza ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1979, umiliki hauhami mpaka bidhaa yenyewe itambulike. "Hogshedi moja ya 2018" bila nambari ni ahadi tu.

Kisha tafuta mawasiliano ya ghala wewe mwenyewe, usitumie namba uliyopewa na muuzaji. Ghala litakataa kuzungumza na mtu baki kuhusu mali ya mteja wake, na hilo ni jambo jema. Mtake muuzaji aliandikie ghala barua ya kuliruhusu likujibu. Akikataa, umeshapata jibu. Uliza mambo matatu: pipa lipo? Liko kwenye akaunti ya nani? Je, mnafungua akaunti kwa mtu binafsi anayeishi nje ya Uingereza? Hili la tatu watu hulisahau. Maghala mengine hayataki watu binafsi kabisa, na mkazi wa nje anaweza kutakiwa awe na mwakilishi wa kodi aliyesajiliwa huko. Ukiambiwa pipa litabaki kwenye akaunti ya kampuni "kwa niaba yako", fahamu kwamba kampuni ikifilisika utapanga foleni na wadai wengine ukijaribu kuthibitisha lipi ni lako.

Pesa zilizobaki zipitie kwa wakili wa Uskoti, azishike mpaka ghala lithibitishe. Na kwa umri wetu huu, nambari ya pipa na jina la ghala viandikwe kwenye wosia. Kodi ya ghala isipolipwa miaka kadhaa, ghala lina haki ya kulizuia pipa.

Nina godauni kavu Kizingo. Naweza kulileta pipa langu likomae hapa mbele ya macho yangu? – M. S., Kizingo

Huwezi. Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka wiski ikomae Uskoti kwenyewe, ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3. Na tangu Novemba 2012 wiski ya kimea ya kiwanda kimoja hairuhusiwi kutoka Uskoti ila ikiwa tayari kwenye chupa yenye lebo. Joto la hapa nalo lingekumalizia mali: kule kwenye baridi pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya alkoholi kwa mwaka, fungu ambalo Waskoti huwaachia malaika. Malaika wa Kizingo wangekunywa zaidi.

Nimetumiwa karatasi ya vipimo vya bareli ya mwaka 2014: lita 182.4, ukali 58.1, lita za alkoholi 105.97, imepimwa 2023. Bei pauni 8,500. Nitajuaje kama ni ghali? – Mhasibu, Tudor

Umeleta swali ambalo wauzaji hawalipendi, Bi. Mhasibu.

Pipa haliuzwi kwa pipa. Linauzwa kwa lita za alkoholi tupu zilizomo. Lita 182.4 ni maji na alkoholi pamoja; ukizidisha kwa 58.1 kwa mia unapata 105.97, kwa hiyo hesabu ya karatasi ni sawa. Gawanya bei: 8,500 kwa 106 ni kama pauni 80 kwa lita ya alkoholi. Hiyo 80 ndiyo namba ya kulinganisha. Ukiletewa hogshedi ya kiwanda hicho hicho, umri huo huo, yenye lita 132 za alkoholi kwa pauni 7,000, hiyo ni pauni 53 kwa lita.

Sasa angalia mtego. Bareli ni lita 200 hivi, na wiski mbichi kwa kawaida hutiwa ikiwa na ukali wa asilimia 63.5. Kwa hiyo mwaka 2014 ilianza na lita 127 za alkoholi. Muuzaji akigawanya 8,500 kwa 127 anakuonyesha pauni 67, na bei inaonekana nafuu. Lita 21 zilizopotea hapo katikati anakuuzia hewa. Kila ukiona lita za alkoholi, uliza ni za mwanzo au za kupimwa upya.

Kisha pima afya ya pipa. Miaka 9 kwa kupoteza asilimia 2 kila mwaka, lita 127 zinakuwa 105.9. Bareli yako imekaa pale pale inapotakiwa. Ingekuwa imebaki na lita 88 ungejiuliza zimekwenda wapi, na ukali ndio unaojibu. Pipa linalovuja kwenye maungio ya mbao hupoteza maji na alkoholi pamoja, kwa hiyo lita zinapungua lakini ukali unabaki karibu palepale. Pipa ambalo ujazo wake uko sawa huku ukali unashuka haraka limekaa mahali penye unyevu mwingi, alkoholi inatoka na maji yanabaki. La kwanza linaweza kuzibwa na fundi mapipa au wiski ihamishiwe pipa jingine. La pili ni la kuharakisha, kwa sababu wiski ikishuka chini ya asilimia 40 haiwezi tena kuuzwa kwa jina la wiski ya Uskoti.

Vipimo vya 2023 vishakuwa vikuukuu. Omba vipya kabla ya kulipa, pamoja na sampuli. Mtu wa ghala anafungua kizibo, anazamisha ufito wa kupimia kupata ujazo, anachota kidogo na kupima ukali kwa haidromita, kisha hesabu zinarekebishwa kuwa za joto la nyuzi 20. Ghala hutoza ada kwa kazi hiyo, na ni ndogo ukilinganisha na pauni 8,500. Angalizo moja: karatasi inayosema vipimo ni "makadirio" haijafungua pipa lolote.

Sampuli mpe mtu anayejua kuonja wiski iliyo pipani. Mwaloni nao huchoka. Bareli nyingi zinatoka Marekani, kwa kuwa wiski ya bourbon kwa sheria hutiwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kisha mapipa huuzwa. Likijazwa wiski ya Uskoti mara ya kwanza lina nguvu. Mara ya tatu au ya nne mbao hazina tena cha kutoa, na wiski ya miaka 12 inaweza kuwa na ladha kama ya miaka 5. Mapipa madogo ya lita 125 yana kasoro ya upande wa pili: mbao ni nyingi kwa wiski kidogo, na ukiacha miaka 15 unaweza kukuta uchungu wa mbao tu.

Kampuni inaniahidi asilimia 12 kwa mwaka, na baada ya miaka 5 watalinunua tena wenyewe. Kuna ubaya gani? – Mwenye duka, Bamburi

Ubaya ni kwamba ahadi ya kununua tena ina thamani sawa na kampuni yenyewe, na biashara ya mapipa haisimamiwi na FCA, mamlaka ya huduma za fedha ya Uingereza. Hakuna mfuko wa fidia. Iangalie kampuni kwenye Companies House, rejista ya kampuni za Uingereza, ni bure: imeanza lini, wakurugenzi wake walikuwa wapi kabla, hesabu zimewasilishwa au zimechelewa.

Hesabu ya asilimia 12 nayo ina shimo. Kama lita zako zinapungua kwa asilimia 2 kila mwaka, bei ya lita moja lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 14 ili pipa zima lipande kwa 12. Toa hapo kodi ya ghala, bima, ada ya vipimo, kamisheni ya dalali na hasara ya kubadilisha shilingi kuwa pauni na kurudi. Soma bima neno kwa neno. Nyingi zinafidia moto na wizi, lakini kuvuja zinakuachia wewe.

Michoro ya bei wanayokuonyesha mara nyingi imetokana na minada ya chupa. Chupa na pipa ni biashara mbili, na hata hizo chupa adimu bei zake mnadani zimeteremka tangu 2022. Watakutajia pia pipa la Ardbeg la mwaka 1975 lililouzwa pauni milioni 16 mwaka huo wa 2022. Ni kweli, liliuzwa, kwa mnunuzi mmoja wa Asia. Lilikuwa pipa la karibu miaka 47 la kiwanda chenye jina kubwa. Wewe unauziwa la miaka 3.

Na kutoka je? Wanunuzi wa kweli ni wachache: mabingwa wa kutia chupa wasiomiliki kiwanda, madalali wengine, na minada ya mapipa. Wote wanauliza lita za alkoholi na sampuli, hakuna anayeuliza hati ya dhahabu. Umri unauzika kwa ngazi, 10, 12, 18, kwa sababu namba ya kwenye lebo ni ya miaka kamili pipani. Ukiuza pipa la miaka 17 na miezi 10 umempa mwenzio faida ya kusubiri miezi miwili. Pesa ambazo huenda ukazihitaji kwa karo au matibabu ndani ya miaka 10 zisiende huko.

Mimi ni Muislamu. Dalali kaniambia hakuna tatizo kwa kuwa namiliki karatasi tu, sigusi pombe. Mnasemaje? – Msomaji, Mji wa Kale

Halali na haramu muulize sheikh wako. La kwetu ni hili: anayenunua pipa anamiliki pombe yenyewe, lita kwa lita, wala si hisa wala hati ya dhamana. Dalali anayesema unamiliki karatasi tu ama haelewi anachouza ama anakudanganya, na kama ulivyosoma jibu la kwanza, mwenye karatasi tu hana kitu.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mteja wangu ana hogshedi ya miaka 12 na anataka kuitia chupa aziuze Mombasa. Atapata chupa ngapi, na vikwazo viko wapi? – Wakala wa forodha, Kilindini

Hogshedi ya lita 250 iliyojazwa kwa ukali wa 63.5 huanza na lita 158.75 za alkoholi. Baada ya miaka 12 zinabaki kama 124.6. Tuseme ukali umefika 57: ndani mna lita 218 na ushei za wiski. Akitia chupa kwa ukali huo huo anapata takriban chupa 312 za sentilita 70. Akipunguza kwa maji hadi asilimia 46 anapata kama 387. Toa chache zinazopotea kwenye kuchuja na kwenye mashine.

Chupa, vizibo, lebo na kazi vyote vinafanyika Uskoti. Mzigo ukitoka ghala la forodha moja kwa moja kwenda nje ya nchi, ushuru wa Uingereza haulipwi. Ukitolewa kwa matumizi ya huko unalipwa: tangu Februari 2025 ulikuwa pauni 32.79 kwa lita ya alkoholi tupu, maana yake zaidi ya pauni 4,000 kwa hogshedi hii. Kwa hiyo karatasi za usafirishaji chini ya dhamana ziwe tayari kabla mzigo haujaguswa.

Upande wetu unaujua kuliko sisi, lakini mteja wako pengine hajui. Lazima aagize kwa jina lenye leseni ya kuagiza vileo chini ya sheria ya 2010, awe amesajiliwa KRA kwa stempu za ushuru na aziombe mapema, na mzigo ukaguliwe kwa masharti ya KEBS kabla ya kupakiwa. Onyo la afya liwe kwenye lebo tangu Uskoti. Kubandika juu kwa juu ukiwa CFS, yadi ya kontena, ni gharama na aibu. Ushuru wa bidhaa kwa pombe kali tangu mwisho wa Desemba 2024 ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 46 ina sentilita 32.2, yaani shilingi 322. Juu yake kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na zile ada za IDF (fomu ya kuagiza mizigo) na reli.

Kinachoua biashara hizi kwa kawaida ni ghala la bandarini: mzigo umefika, stempu hazijatoka, na kila siku inalipiwa. Na asidhani atazibeba kidogo kidogo kwenye begi. Abiria anaruhusiwa lita moja ya pombe kali.

Nauziwa pipa la "Port Ellen adimu" na jingine la kiwanda ambacho dalali anasema jina lake ni siri. Lipi bora? – Baharia, Likoni

Viwanda vya Port Ellen na Brora vilifungwa mwaka 1983, Rosebank mwaka 1993, na ndiyo sababu wiski yao ya zamani inatafutwa hivyo. Lakini vyote vitatu vimefufuliwa: Brora mwaka 2021, Port Ellen mwaka 2024. Kwa hiyo uliza tarehe ya kujazwa kwanza. Pipa la Port Ellen la kabla ya kufungwa lina zaidi ya miaka 40. Hogshedi ya 1982 iliyopoteza asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka 43 ingekuwa na lita 67 hivi za alkoholi kati ya 159, na ukali ukiwa karibu na mpaka wa 40. Mali ya namna hiyo haizunguki WhatsApp ikitafuta mnunuzi. Na aliyeuziwa pipa jipya kwa bei ya la kale ameuziwa jina.

La siri ni hadithi nyingine. Viwanda vingi vikubwa huuza mapipa kwa sharti kwamba jina lao lisionekane kwenye lebo. Vingine hutia kijiko tu cha wiski ya kiwanda kingine ndani ya pipa kabla ya kuliuza. Kijiko hicho kinatosha kisheria: haiwi tena wiski ya kiwanda kimoja, inakuwa ya kimea iliyochanganywa, hata kama ulimi hautambui tofauti. Inaweza kuwa wiski nzuri sana, ila bei yake si ile ya jina. Omba mkataba wa kwanza kati ya kiwanda na aliyenunua pipa, usome kifungu cha jina. Asipouonyesha, lipa kama wiski isiyo na jina au uache.

Nililipa mwaka jana. Sasa simu hazipokelewi na tovuti imefungwa. Nianzie wapi? – Msomaji, Changamwe

Pole sana. Anzia ghalani, leo hii: tuma nambari ya pipa, nakala ya ankara na risiti ya benki, uwaulize kama pipa lipo na kama kuna dilivari oda yenye jina lako. Wasipotaka kukuambia liko kwa nani, waombe angalau walitie alama kwamba lina mgogoro. Kama ulilipa kwa kadi, iandikie benki yako kudai kurudishiwa. Muda wa madai hayo ni mfupi. Angalia Companies House: kampuni ikiwa imewekwa chini ya mfilisi, jina lake limo, na unawasilisha dai lako kwake ukiambatisha kila karatasi. Ripoti polisi wa Uskoti kama kampuni ni ya huko. Kama iko England, huduma ya taifa ya kuripoti utapeli inaendeshwa na City of London Police. Hapa nyumbani andikisha DCI upate nambari ya OB, benki itaiuliza.

Usijibu mtu anayekupigia akisema ni wakili au mpelelezi aliyelipata pipa lako na anataka ada kidogo alitoe. Orodha za waliotapeliwa huuzwa, na anayekupigia anajua kiasi ulicholipa kwa sababu ameinunua.